Jinsi Maneno ya Shadrack Yalivyofifia

Kila asubuhi ya kazi, kabla hajamsalimu mtu wala kufuta vumbi la mezani, Akidor alifungua faili moja fupi kwenye laptopu yake, akashuka mpaka mstari wa thelathini na moja, akafuta namba aliyoikuta na kuandika iliyopungua kwa moja. Sitini na nane ikawa sitini na saba. Akahifadhi, akafunga, ndipo akageuza kiti na kuitikia salamu za ejok za waliotangulia kuingia. Kazi hiyo haikumchukua hata muda wa kufunga kamba za viatu. Hakuikosa siku aliyokuja na malaria akitetemeka ndani ya sweta, na hakuikosa siku ambayo upepo uling'oa mabati mawili ya paa na wenzake wakawa nje wanayakimbiza.

Ofisi yenyewe ilikuwa kontena tatu zilizounganishwa, kando ya barabara ya Lokichoggio, mwendo mfupi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Shirika lao liligawa maji na unga wa uji. Akidor, msichana wa miaka ishirini na saba aliyesomea takwimu chuo kikuu, alikaa kontena ya mwisho akiingiza majina ya watu kwenye orodha. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wageni walimwomba arudie. Waliomwona pale walidhani ameridhika. Hawakujua kwamba mwaka uliopita alikuwa ofisi kuu ya Lodwar, kwenye chumba chenye feni mbili, akipanga safari za magari ya maji, wala hawakujua namna alivyotoka huko.

Aliyemtoa ni Shadrack.

Shadrack alikuwa mkuu wa usafirishaji, mtu wa Kitale, mnene kidogo, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata siku za joto la kuua. Hakuwa mkorofi wa kupiga kelele. Aliuliza habari za mama yako, akakumbuka jina la mdogo wako, akakuandikia maagizo yake kwa Kiingereza kirefu kwenye programu ya gumzo ya ofisi, ile ambayo wafanyakazi wote wa Lodwar na Kakuma huitumia kwenye laptopu zao. Kwenye simu programu hiyo ilikatazwa, ili habari za wakimbizi zisizagae.

Mwezi wa tisa, ukame ukiwa umekaza, Shadrack alimwandikia Akidor ujumbe wa mstari mmoja. Magari yote mawili ya maji yaende Lokori wiki hii. Upande wa Lokitaung watasubiri. Akidor alisoma mara mbili. Upande wa Lokitaung ndiko kwao. Alitembea mpaka mezani kwa Shadrack akamuuliza kama ana hakika, kwa kuwa kule visima vilikuwa vimekauka. Shadrack akamwambia agizo limetoka juu, naye afanye kama alivyoandikiwa. Akidor akajaza karatasi za safari, akatia sahihi yake, magari yakaenda Lokori.

Lokori walikuwa na maji. Aliyewaombea magari alitazama ripoti ya mwezi mwingine. Upande wa Lokitaung walikaa siku tisa bila maji.

Barua ya malalamiko ilipofika Lodwar, mkuu wa ofisi, Bi Chepngetich, aliita kikao. Akidor aliingia akiwa ametulia, laptopu kifuani. Aliifungua ili aonyeshe ule ujumbe. Mahali ulipokuwa palikuwa na maneno machache ya kijivu: ujumbe huu umefutwa. Alipandisha, akashusha, akapandisha tena. Bi Chepngetich alimgeukia Shadrack.

"Mimi sina ujumbe kama huo," Shadrack alisema. Hakusita. Alisema kama anayeulizwa kama ana kalamu ya ziada.

Waliuliza makao makuu Nairobi, nao wakajibu kwamba kilichofutwa huondoka kabisa, ndivyo programu ilivyotengenezwa. Karatasi zilikuwa na sahihi moja tu. Akidor hakufukuzwa. Alihamishiwa Kakuma, kwenye orodha za majina, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Hilo angelimeza. Asiloweza kulimeza ni lililomfuata mwezi wa kumi na mbili, alipotoka kazini jioni na kumkuta baba yake mdogo, Emuria, amesimama mlangoni pa chumba alichopanga, amechoka, fimbo yake mabegani, na mbuzi watano nyuma yake.

Emuria ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Tangu apate mshahara, Akidor alimnunulia mbuzi kila baada ya miezi michache, nao walichanganyika na wa Emuria, wakakatwa masikio kwa alama ya nyumba yao. Kuwa na mbuzi katika kundi lile ndiko kulikomfanya awe mtu wa nyumba ile. Walikuwa wamefika kumi na mmoja. Emuria aliwaleta waliosalia, mwendo wa siku nne.

"Hawa ni wako," alisema.

"Baba, wao ni wako siku zote."

"Walikuwa. Wengine walikufa kiu pamoja na wangu. Wangu nimezika, sasa nakuletea wako."

Akidor alisema habari ya ujumbe, ya kufutwa, ya Shadrack. Kwa Kiturkana mambo hayo yalikuwa magumu kuelezeka, na kila alipojaribu yalizidi kusikika kama uongo. Emuria alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki na alimpa nafasi yote. Kisha akauliza swali dogo tu, kama karatasi zilikuwa na jina la Shadrack au jina lake. Akidor akasema lake.

Alimletea maji kwenye kikombe. Emuria alikiangalia kile kikombe.

"Maji yako wewe huyapeleka Lokori," alisema, na akaenda kwa jirani, mama muuza makaa, akaomba ya kunywa pale, mbele ya watu.

Kesho yake Akidor alifika ofisini mapema. Mbuzi aliwaacha wamefungwa nyuma ya choo.

Skripti, lile faili fupi la maagizo kwa kompyuta, alikuwa nayo tayari. Ilikuwa kitu chake cha kujiliwaza. Madirisha ya kontena yalitazama jangwa, na mwanga wa saa nne uliufanya weupe wa programu uchome macho, hivyo alikuwa ameandika mistari kama arobaini ya kuibadilisha sura. Programu ikifunguka, mistari ile nayo inaamka na kupaka juu yake: nyuma pakawa rangi ya kahawia ya udongo mbichi, herufi zikakua, picha za watu zikawa duara ndogo. Haikugusa ujumbe wowote. Iligusa namna ujumbe unavyoonekana, na kwenye kompyuta iliyowekewa tu. Asubuhi ile aliongeza mstari mmoja. Ulisema kwamba mtumaji akiwa Shadrack, jina na maneno yake yaonekane kwa kiasi fulani. Mia ni kuonekana kikamilifu. Sifuri ni kutoonekana kabisa.

Aliandika tisini na tisa.

Angeweza kuandika sifuri siku hiyohiyo. Alifikiri juu ya hilo akaona ni haraka mno. Shadrack alifuta ujumbe mmoja kwa kubonyeza mara moja, hakuumia, hakujishughulisha. Yeye angemfuta taratibu, kila siku kidogo, naye angeiona kazi yake inavyokwenda. Na hakuna aliyedhurika. Kilikuwa kioo cha kompyuta yake peke yake.

Iliendelea hivyo mpaka mwezi wa pili, Etabo alipoingia kuchaji simu.

Etabo alikuwa dereva, Mturkana wa Kakuma, mwenye mdomo usiokaa. Alisimama nyuma ya Akidor akaona jina lake kwenye skrini, limeandikwa juu ya kibandiko cheusi chenye mabaka meupe.

"Dada, hii ni nini?"

Akidor aliona haya. Alikuwa amempa kila mtu rangi ya mnyama ili asome haraka nani ameandika. Mugure, afisa wa lishe kutoka Nyeri, alikuwa kijivu cha punda. Mkuu wa ghala alikuwa wekundu wa ngamia. Alimweleza kwa sauti yake ndogo.

"Lakini hiyo si mimi," Etabo alisema, na safari hii hakucheka. "Ng'ombe yangu hapana kuwa hivyo. Ng'ombe yangu iko nyekundu, uso nyeupe, na mguu moja ya nyuma nyeupe. Watu wanaimba mimi kwa hiyo ng'ombe. Wewe umeweka mimi kwa ng'ombe ya mtu mwingine."

Akidor aliielewa aibu yake. Mwanamume wa kwao ana dume moja analolipenda, hulifunga kengele, hujiita kwa rangi yake. Kumpaka rangi ya dume la mwingine ni kumwita kwa jina la mwingine. Alirekebisha hapohapo, uso mweupe na mguu, Etabo akimwelekeza kwa kidole, zaidi kushoto, basi. Etabo alipomaliza kujitazama akataka laptopu yake nayo iwe vile. Halafu akamwita mkuu wa ghala aje aone. Mkuu wa ghala akasema yeye si ngamia, yeye ana dume la kijivu kule Lokori ambalo hata wezi wa Pokot hulisifu.

Wiki mbili hazikwisha, kontena zote zikawa na skripti. Waturkana walibishana juu ya mabaka. Mugure, aliyetishia kuacha kazi akiambiwa punda, alieleza ng'ombe wa nyanya yake mwenye pembe moja. Mpishi aliomba mbuzi wake, akaulizwa kwa nini mbuzi, akasema dume lake liliuzwa kwa karo ya shule na halihesabiwi. Watu wakabadili mawazo kila siku, na Akidor, ili asizunguke kompyuta kumi na nne kwa sababu ya mguu mmoja mweupe, akaliweka faili la rangi kwenye diski ya pamoja ya ofisi. Akibadilisha pale, zote zinabadilika.

Mstari wa thelathini na moja ulikuwa ndani ya faili hilo.

Hakukusudia. Ukweli ni kwamba alikuwa amefurahi, kwa mara ya kwanza tangu Lodwar watu walikuwa wanasimama mezani pake na kucheka, naye alisahau kwamba mstari ule sasa unawafikia wote. Aliyemkumbusha ni Mugure, wakinywa chai mwezi wa tatu. Mugure aliuliza kama laptopu ya Shadrack ina ugonjwa, mbona siku hizi maandishi yake yanatoka mepesi, kama chai iliyorudiwa majani.

Akidor aliweka kikombe chini. Namba ya siku ile ilikuwa arobaini na nne.

Ilikuwa rahisi kusema. Angecheka, angekiri ujinga wake, angekwenda kufuta mstari. Mugure mwenyewe angecheka naye. Badala yake aliiona Lodwar, feni mbili, na Shadrack akisema vile alivyosema, na nyuma ya Shadrack akamwona Emuria akinywa maji ya jirani.

"Labda," alisema.

Kesho yake akaandika arobaini na tatu, na alipohifadhi alijua kwamba sasa anaihifadhi kwa kompyuta zote kumi na nne.

Watu hawakugundua, na hilo lilimshangaza mwanzoni, kisha likampendeza. Shadrack aliandika mara chache na kwa urefu, na hata alipokuwa anasomeka, wengi waliruka mpaka mwisho na kujibu kwamba wamepokea. Macho yalizoea. Namba ilipofika ishirini na tano watu walikuwa wanasema Shadrack amenyamaza siku hizi. Ilipofika kumi na tano mtu aliuliza kama bado yuko kazini. Akidor aliyasikia hayo akiwa ameinamia orodha zake, akahisi ndani yake joto tamu. Wakati fulani alirudi nyumbani akiimba. Aliwapeleka mbuzi wake watano kwenye vichaka vya mikwamba kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, na majirani walipouliza alama ile ya masikioni ni ya nyumba ipi, aliwaambia ni ya nyumba ya Emuria, bila kuongeza neno.

Mvua ilinyesha mwishoni mwa mwezi wa nne. Kakuma kwenyewe haikuanguka hata tone. Ilinyesha juu, mbali, kwenye milima ya mpakani, na maji ya huko hushuka kwa laga ya Tarach bila kumwambia mtu. Mchanga mkavu uliovukwa asubuhi kwa miguu, saa tano huwa mto unaobeba miti.

Asubuhi hiyo minara ya simu ilikuwa imekufa tangu alfajiri. Ofisi ilikuwa na dishi lake, kwa hiyo programu ilifanya kazi. Namba ilikuwa saba. Saa tatu na dakika kumi, Etabo akiwa nje anafunga turubai juu ya mifuko ya unga iliyokuwa ivuke Tarach kwenda kituo cha ng'ambo, kwenye kioo cha Akidor pakatokea nafasi. Ilikuwa nafasi tupu ya kahawia, pana kama mistari mitatu, katikati ya ujumbe wa Etabo wa kuomba kamba na ujumbe wa Mugure. Akaitazama. Ikafuata nyingine, fupi. Kisha kwenye ukurasa wake binafsi, ambako Shadrack hakuwa amemwandikia tangu Lodwar, ikatokea ya tatu.

Alijua namna ya kuisoma. Ukiburuta kipanya juu ya maneno, hupakwa buluu na kuonekana yalivyo. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya. Akafikiri, ana nini huyu cha kuniambia leo, baada ya miezi saba. Akafikiri huenda anaomba msamaha, na wazo hilo likamchukiza kuliko yote. Aliondoa mkono akarudi kwenye orodha. Alikuwa kwenye herufi ya N.

Gari la Etabo lilisikika likiwaka, kisha likiondoka.

Maji yalimkuta katikati ya laga. Alitoka kwa dirisha, mkono wake wa kushoto ukivunjika kwenye mlango, akapanda juu ya turubai, na gari lilipoanza kuzunguka akaruka akashika mti wa mkoma uliokuwa umelala. Alikaa hapo saa tatu, watu wakiwa kwenye kingo mbili wanampigia kelele asilegee. Gari lilipatikana siku ya pili, kilomita nne chini, limejaa matope hadi kwenye usukani. Unga wote ulikwenda na maji.

Kikao kilifanyika Lodwar, chumba kilekile. Bi Chepngetich alikuwa kichwani pa meza na mgeni wa Nairobi kando yake. Kutoka Kakuma walikwenda Mugure, Akidor na mkuu wa ghala. Shadrack alisimama, shati lake limekunjamana kwa mara ya kwanza, akasema alipigiwa redio saa tatu na askari wa mpakani kwamba mto unashuka, akaandika onyo palepale, mara mbili kwa kundi zima. Aligeuza laptopu yake wote waone. Onyo lilikuwapo na saa yake. Gari lisivuke Tarach hadi alasiri.

Bi Chepngetich aliomba laptopu ya Kakuma. Mugure akasukuma yake. Mgeni wa Nairobi aliinama, akapandisha, akashusha. Saa tatu na dakika kumi palikuwa na nafasi tupu.

"Halikufika," alisema.

Walimuuliza mkuu wa ghala, akasema hakuona. Walimuuliza Mugure, akasema hakuona kitu. Shadrack alikuwa ameanza kutoka jasho. Alisema niliandika, tena akasema niliandika, na kila aliposema neno hilo lilipungua uzito. Ndipo Bi Chepngetich akamkumbusha kanuni ambayo yeye Shadrack mwenyewe aliitunga: onyo la barabara halijakamilika mpaka dereva ajibu kwamba amelipata. Simu ya setilaiti ilikuwa kabatini kwake. Alikuwa wapi kati ya saa tatu na saa tano?

Alikuwa kwenye kiamsha kinywa cha kumuaga mwenzake. Alidhani wamesoma. Daima walikuwa wanasoma.

Kisha akamgeukia Akidor. "Wewe nilikuandikia peke yako, Akidor. Nilijua wewe husoma. Waambie, tafadhali."

Chumba kizima kilimtazama. Akidor alikuwa ameingoja siku hii bila kujua itakuja na sura gani, na sasa ilikuwa mbele yake, ikimwita kwa jina na kumwomba tafadhali. Hakuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka kubwa kiasi cha kusikika hadi mlangoni.

"Mimi sina ujumbe kama huo."

Alimtazama usoni alipomaliza, akingoja. Alitaka aone maneno yale yakiingia, yakitambuliwa, yakichoma. Shadrack alimtazama kwa hofu tu, hofu ya mtu anayetafuta msaidizi mwingine, na macho yake yakahamia kwa mkuu wa ghala. Hakukumbuka. Alikuwa amesema maneno yale akayaacha mle chumbani kama kikombe kilichokwisha chai, na hayakuwa yake tena. Akidor alihisi hasira ikimpanda upya, kubwa kuliko ya kwanza, na haikuwa na mahali pa kwenda.

Shadrack alisimamishwa kazi mwisho wa wiki hiyo. Etabo alirudi ofisini na mkono kwenye plasta, akamwagiza Akidor amchoree dume lake juu ya ile plasta, uso mweupe na mguu, akawa anawaonyesha akina mama waliopanga foleni ya unga. Aliwaambia Shadrack wa Lodwar alitaka kumuua ili apate mjane wake. Akidor alichora mguu vizuri, akakaza kalamu, wala hakumsahihisha. Siku ileile mama muuza makaa alimletea salamu kwamba Emuria alipita sokoni na kupanda lori la Lokitaung. Hakuwa amefika mlangoni pa Akidor.

Asubuhi iliyofuata namba ilikuwa mbili. Shadrack hakuwa na laptopu tena, hakuna ambacho angeandika. Akidor alishuka mpaka mstari wa thelathini na moja, akaandika moja, akahifadhi.

Mugure alikuwa amekuja mapema siku hiyo ili amalize ripoti ya ajali. Alihitaji kunakili ujumbe wa mwisho wa Etabo kabla ya kuondoka, ule wa kuomba kamba. Aliburuta kipanya, akazidisha, kikapita ujumbe wa Etabo na kuingia kwenye ile nafasi tupu. Akidor aliona mabega yake yakikakamaa. Alimwona akiburuta tena, polepole, safari hii akijua anachofanya, kisha akifungua diski ya pamoja, kisha faili la rangi. Mugure hakujua skripti, lakini alijua kusoma jina la mtu na namba iliyoandikwa mbele yake.

Alifunga laptopu. Akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji, na akamwashiria Akidor kwa mkono, kama anayemwita waende kununua maandazi.

Akidor alimfuata. Nje palikuwa tayari pamechemka. Mugure alikuwa rafiki yake wa pekee mahali pale. Alisema hatauliza kwa nini. Habari ya Lodwar alikwisha kuisikia kwa wengine, na angekuwa yeye asingejua angefanya nini. Hatauliza habari ya kikao pia. Alisema ana swali moja tu, na akijibiwa kweli hatarudi kwenye jambo hili, atajua mwenyewe la kufanya. Alimtazama Akidor, na macho yake yalikuwa yameloa.

"Asubuhi ile, kabla Etabo hajawasha gari, uliona kwamba Shadrack ameandika?"

"Niliona," alisema Akidor. "Sikutaka kusoma."